Mhuri wa Kaunta

Katika maelezo ya mtuhumiwa, ukurasa wa tatu, mstari wa nane, palikuwa na neno moja ambalo Inspekta aliliona tangu Jumanne, akalipita kama mtu anavyompita jirani waliyekosana naye.

"Nikapunguza kutoka tisini hadi sabini," binti alikuwa amesema, na Inspekta akaandika kwa mkono wake mwenyewe: sabini. Ripoti ya mafundi wa hospitali ilisema sitini.

Jumanne alijiambia ni ulimi tu umeteleza. Mtu akishakiri, nani ana nguvu ya kuanza kugombana na tarakimu? Lakini leo ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, na jalada lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri. Neno lile lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alikunywa chai juu yake, halikushuka.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Alfajiri ya Jumamosi mtoto wa miaka minne alifariki wodini. Kando ya kitanda chake palikuwa na kengele ambayo kazi yake ni moja: kulia hewa katika damu ya mgonjwa inaposhuka chini ya tisini. Siku hiyo ilingoja hadi sitini ndipo ikalia, na muuguzi alipofika mbio hapakuwa na la kufanya. Programu ya kengele hizo hutengenezwa katika karakana moja ya kompyuta, na kila badiliko huingia lenyewe kwenye daftari la mashine: kimebadilishwa nini, saa ngapi, na nani. Ijumaa, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, tisini iligeuzwa kuwa sitini. Jina lililokaa kando ya badiliko hilo lilikuwa la binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye wenzake kazini humwita Kimya.

Inspekta, mama wa makamo, ndiye aliyemwonyesha ukurasa ule. Aliukunja sehemu ya chini, kama anavyofundisha makoplo wake, ili mtuhumiwa aone jina na saa tu.

"Mwanangu," alimwambia, "mashine haina ugomvi na wewe. Jina haliongopi."

Kimya alilitazama jina lake kwa muda mrefu, akalia, na alipomaliza kulia akakiri. Inspekta alimpa kitambaa na kalamu. Wakati ule aliona amefanya kazi nzuri, na kumbukumbu hiyo leo ilimtia haya.

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Huo ndio ulikuwa mtindo wa Koplo, mzee wa kituo, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyekuwa akiwahesabia wenzake siku hizo hata wasipomuuliza.

"Afande, mimi nitafukuzwa kazi."

"Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu. Ndiyo maana nitafukuzwa." Aliweka barua mezani. "Makao makuu wanataka nijieleze. Eti nimemwandikia mwalimu mkuu wa shule ya wasichana aje kujibu shtaka la kuiba mbuzi wawili."

"Ulimwandikia?"

"Mwalimu mkuu na mbuzi wapi na wapi? Barua ni ya watu wa trafiki, wamekosea bahasha. Lakini tazama mhuri. Jina la nani hilo?"

Lilikuwa jina la Koplo.

"Ule mhuri wa kaunta," alisema, "una jina langu kwa sababu siku unachongwa mimi ndiye niliyekuwa zamu. Ofisi zenye mihuri yao hazina shida, kila mmoja hugonga wa kwake. Asiye na wake ndiye anakuja kaunta. Sasa trafiki wamepoteza wao walipohamia chumba kipya. Walibeba meza, wakabeba viti, wakabeba hata kalenda ya mwaka juzi, mhuri ukabaki kwenye takataka. Wakaja kaunta, gonga, gonga. Na mkosaji wa kituo kizima nimekuwa mimi!"

Kwa kawaida Inspekta angecheka, maana Koplo akikasirika masikio yake hutikisika. Hakucheka. Alikuwa ameshika ukurasa wa daftari la mashine.

"Rudia hapo kwenye asiye na wake."

"Anatumia wa kaunta. Kwani kuna nini?"

"Sijui bado. Yule mjomba wa Kimya leo ameshaleta chakula?"

"Huja saa saba, hakosi." Koplo alivuta kiti, hasira zikapungua. "Na yule naye ananishangaza. Nimelinda chumba cha wageni miaka kumi na tisa, afande. Aje mama, aje baba, aje mke, wote wakikaa tu swali la kwanza ni moja: ni kweli ulifanya? Huyu siku tatu anauliza kama mtoto amelala, kama amekula, kama kuna mbu. Hilo hajauliza."

"Labda anamwamini."

"Anayekuamini anakuuliza ili asikie hapana. Na jana je? Ulikuwepo."

Alikuwepo. Mama wa marehemu alikuja kuulizia maendeleo, Kimya akaomba kumwona, na katika korido, mbele ya askari wanne, alipiga magoti. Mama yule hakupiga kelele. Alimtazama, akamshika mabega, akamwinua. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Nimechoka. Sitarudi hapa tena." Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula mkononi. Aliliweka juu ya benchi akatoka, na chakula kikapelekwa ndani na Koplo, kimeshapoa.

"Chukua kofia," Inspekta alisema. "Tunakwenda karakana."

"Na jalada?"

"Jalada lina miguu? Litakaa."

*

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Meza sita, nyaya chini zimefungwa kwa gundi ya karatasi, na dirishani kompyuta moja kubwa iliyounganishwa na kengele halisi ya hospitali. Pembeni ya kengele palikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha. Kisanduku hicho ndicho mgonjwa wa bandia: ukizungusha, hewa yake inapanda au kushuka.

Aliyewapokea alikuwa fundi mmoja mwembamba aitwaye Chapchap, shavu la kushoto limevimba kama ameficha embe. Inspekta alimjua kutoka kwenye maelezo ya Jumatatu. Mwezi uliopita yeye na Kimya waligombana mbele ya wote, kwa sababu Kimya alikataa kupitisha kazi yake aliyoifanya ovyo.

"Hii ya dirishani inatumiwa na nani?" Inspekta aliuliza.

"Wote. Ndiyo pekee iliyounganishwa na kengele. Ukitaka kujaribu kitu, unakuja kukaa hapa."

"Mnaingia kwa nywila ya nani?"

"Ya karakana. Ni moja tu."

"Kwa hiyo wewe unaweza kukaa hapa ukabadilisha kitu, na daftari likaandika Kimya?"

Chapchap aligusa shavu lake. "Kuweza, naweza. Jina ni neno unaloliandika tu kwenye mipangilio. Hata nikiandika Malkia, mashine itaandika Malkia. Haiulizi kitambulisho."

Koplo alikohoa. Inspekta alikumbuka maneno yake mwenyewe. Jina haliongopi, alikuwa amesema, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Na uligombana naye."

"Niligombana naye na alikuwa na haki. Lakini Ijumaa mchana nilikuwa kwa daktari wa meno, tangu saa sita na nusu mpaka saa kumi na moja. Aling'oa moja, akavunja la pili, akaomba radhi, akaendelea." Alitoa kadi ya daktari mfukoni. Saa zilikuwepo, mhuri ulikuwepo. Koplo aliutazama ule mhuri kwa mashaka, kisha akapiga simu. Msaidizi wa daktari alimkumbuka Chapchap vizuri mno. Alisema watu wa foleni nzima walimsikia, na wawili wakaenda zao.

Inspekta alikaa kwenye kiti cha dirishani.

"Hiyo mipangilio. Nionyeshe lilipoandikwa jina."

"Iko mahali pawili," Chapchap alisema, akainama juu ya kibodi. "Kuna ya jumla, ya kompyuta nzima. Hii hapa."

Jina la Kimya lilitokea kwenye kioo, na anwani yake ya barua pepe chini yake.

"Kwa nini lake?"

"Kompyuta ilipofika miezi minane iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Mgeni ndiye hupewa kazi ya kuandaa mashine. Akaiandaa, akaweka jina lake kwenye ya jumla, basi likabaki. Halikumsumbua mtu, maana sisi wengine kila mmoja ana folda ya mradi wake, na ndani ya folda kuna mipangilio ya folda hiyo peke yake. Mimi jina langu nimeliweka ndani ya folda zangu. Folda ikiwa na jina, mashine inatumia la folda. Ikiwa haina, inachukua la jumla."

"Asiye na wake anatumia wa kaunta," Koplo alisema polepole, na safari hii masikio hayakutikisika.

"Folda ya kengele ni ya nani?"

"Ya Mjomba."

"Mjomba wako?"

"Mjomba wa Kimya. Alipomleta kazini, Kimya alikuwa anamwita hivyo, sote tukafuata. Hata bosi. Ni fundi wa kwanza wa karakana hii, afande. Mimi mwenyewe amenifundisha yeye."

"Fungua mipangilio ya folda yake."

Chapchap aliifungua. Palikuwa na mistari michache ya kazi za mashine. Jina halikuwepo. Aliisoma mara ya pili, akitembeza kidole chini ya kila mstari.

"Ajabu," alisema.

"Lilikuwepo?"

"Lazima lilikuwepo. Angalia daftari. Miezi minane, kila badiliko la folda hii ni Mjomba, Mjomba, Mjomba." Mstari kwa mstari jina moja lilipita kwenye kioo, hadi juu kabisa, Ijumaa, saa nane na dakika kumi na mbili. Hapo palikuwa na Kimya, mara moja tu.

Inspekta alitoa daftari lake la mfukoni. Aliandika, kisha akauliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza Jumatatu, na kila moja lilimchoma kidogo.

"Folda hii ilizaliwa lini? Mashine inajua?"

"Inajua." Chapchap alibonyeza. "Ijumaa. Saa saba na dakika hamsini na tano mchana."

"Nilidhani ina miezi minane."

"Na mimi nilidhani." Aliingia kwenye pipa la takataka la kompyuta. Ndani, pamoja na picha za harusi ya mtu, palikuwa na folda nyingine yenye jina lilelile. Ilitupwa Ijumaa, saa saba na dakika arobaini na nane. Alifungua mipangilio yake, na jina la Mjomba lilikuwa pale, limekaa salama kama mhuri kwenye takataka za trafiki.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Inspekta alisema.

"Folda ikivurugika, huwa hatuhangaiki nayo. Tunaitupa, tunashusha nyingine kutoka kwenye seva. Inakuja na kila kitu, programu yote, historia yote. Kitu kimoja tu hakiji: ile mipangilio ya ndani. Hiyo inabaki kwenye folda uliyoitupa. Ukimaliza kushusha, lazima uandike jina lako upya."

"Na ukisahau?"

Chapchap alirudisha daftari la mashine kwenye kioo. Kidole chake kilisimama kwenye jina la Kimya.

"Je, Kimya hangeweza kuitupa yeye na kushusha mpya?"

"Folda ya Mjomba? Hakuna anayeigusa. Halafu seva ukitaka kushusha kitu, au kupeleka, inakuuliza nywila. Hiyo si ya karakana, kila mtu ana yake."

"Na seva inaweka kumbukumbu nani aliingia?"

"Wanaoitunza wanaweka." Alisita. "Kwani hamkuwauliza, afande?"

Koplo aliangalia dari. Ilikuwa dari ya kawaida tu.

"Hatukuwauliza," Inspekta alisema. "Tulikuwa tumeshapata ungamo."

Aliandika barua kwa watunza seva palepale, akatia saini, akampa Koplo aitume. Kisha akanyoosha mkono kwenye kisanduku cha mgonjwa wa bandia na kuzungusha kitufe. Tisini na tano. Tisini na mbili. Themanini na tisa. Kengele ilipiga yowe lililowafanya watu wa meza zote kuziba masikio.

"Mnafanyaje kazi na kitu hiki?" alipaza sauti.

"Tunaizungushia taulo!" Chapchap alirudisha kitufe, kimya kikarudi. "Tuna taulo letu la kijani. Halipo. Kimya alilichukua Alhamisi iliyopita kwenda kulifua, lilikuwa limeanza kunuka. Halijarudi. Naye sasa yuko kwenu."

Kwenye ngazi za kushuka Koplo alisoma kutoka kwenye daftari lake, kidole kwenye mstari. "Jumatatu. Maelezo ya Mjomba. 'Kompyuta ya dirishani sijaigusa tangu Jumatano.'"

"Nimekusikia."

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande."

"Nimekusikia, Koplo."

*

Saa saba na dakika tano Mjomba aliingia kituoni na bakuli lake, limefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa mtu mrefu, mashati yake hayakosi pasi, na leo kola moja ilikuwa imekunjika. Aliandika jina lake kwenye kitabu cha wageni, mara ya nne wiki hii, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na fimbo.

Inspekta alimpeleka chumba kidogo cha nyuma, akaweka bakuli katikati ya meza.

"Karibu, Mjomba. Nami nitakuita hivyo, kama huna neno."

"Sina neno, mama."

"Mpwa wako amelala vizuri. Amekula nusu. Mbu hawapo, tumeweka dawa." Alimngoja anyanyue macho. "Nimekujibu yale unayouliza kila siku. Sasa niambie kwa nini kuna moja huliulizi."

"Lipi?"

"Kama kweli alifanya."

Mjomba alishika fundo la kitambaa cha bakuli. Hakulifungua.

"Barua ya seva bado haijafika," Inspekta alisema. "Sitakudanganya kwamba imefika. Nimeona folda mbili tu, moja hai na moja kwenye pipa. Ya kwenye pipa ina jina lako. Watu wa seva watanijibu kabla ya saa tisa, na nadhani najua watakachosema. Lakini nimeshamkosea mtu mmoja wiki hii kwa kumwekea neno mdomoni. Wewe sikuwekei. Sema mwenyewe, au usiseme."

Nje mtu alikuwa anaosha gari la kituo, ndoo ikigonga sakafu. Mjomba aliliachia lile fundo.

"Folda ilivurugika," alisema mwishowe. "Nikashusha mpya. Nilikuwa najaribu kitu kingine kabisa, mwanga wa kioo hewa ya mgonjwa inaposhuka, ili wauguzi waone vizuri. Kengele ikawa inalia kila mara. Natafuta taulo, halipo. Simu ikaita. Dada yangu."

"Mama yake Kimya."

"Alitaka kunishukuru. Kimya alikuwa amemtumia picha yuko kazini, na dada analia kwa furaha, anasema kaka, umenilelea mtoto. Nami simsikii, kengele inalia. Nikasema nishushe kiwango hadi sitini, dakika mbili tu, niongee na dada yangu." Alikunja ncha ya kitambaa. "Nikaongea naye. Nikarudi kwenye mwanga wa kioo. Nikamaliza, nikahifadhi vyote kwa pamoja, nikapeleka kwenye seva. Saa kumi jioni hospitali ikapokea. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Nililala vizuri kabisa, mama. Hilo ndilo linaloniua."

"Jumatatu ukasema hukuigusa kompyuta."

"Jumatatu asubuhi nilikuja nimejiandaa kusema. Naapa. Nilivaa hata koti, nilijua mtanichukua. Nikafungua daftari nione jina langu, nikakuta la kwake. Nilisoma mara tatu." Sauti ilishuka. "Unajua nilihisi nini kwanza? Nafuu. Kabla ya aibu, kabla ya kitu chochote, nafuu. Halafu ninyi mkaingia. Nikasema nitasema jioni. Jioni nikasema kesho. Kesho yake akakiri."

"Na ulijua hakufanya."

"Alipokiri, kuna saa nilianza kujiuliza labda ni yeye. Mtu akitaka kuamini kitu, mama, haamini kidogo."

Inspekta naye alikuwa ameamini hivyohivyo, kwa hamu ileile. Alisukuma karatasi na kalamu upande wa pili wa meza. Safari hii hakukunja ukurasa wowote.

Mjomba aliandika kurasa mbili. Alipofika kwenye tarakimu aliandika sitini, kwa maneno na kwa namba, akapigia mstari. Alipomaliza aliuliza, bila kutazama juu: "Yule mama jana. Leo atakuja?"

"Alisema hatarudi tena."

"Ndiyo," alisema Mjomba. "Nilimsikia."

Koplo aligonga na kufungua kwa pamoja, bahasha ya watunza seva mkononi. Alimwona Mjomba, akaziona zile kurasa, akasimama. Inspekta aliifungua bahasha kwa sababu utaratibu unataka ifunguliwe. Ijumaa, saa saba na dakika hamsini na tano, kushusha: Mjomba. Saa nane na dakika kumi na tano, kupeleka: Mjomba. Aliibana kwenye jalada.

*

Kimya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mahabusu, magoti pamoja, kama anayengoja kuitwa kwenye usaili. Inspekta aliketi kando yake. Alimweleza yote bila kupunguza: pipa, folda, jina la jumla, seva, simu ya mama yake. Kimya alisikiliza akitazama vidole vyake.

"Lakini nakumbuka, afande," alisema. "Nakumbuka nikibonyeza. Nilikuwa nimekaa pale asubuhi nzima. Ulipoonyesha jina langu, nikakumbuka."

"Ulikumbuka ngapi?"

"Sabini."

"Ilikuwa sitini, mwanangu. Hukukumbuka. Nilikukumbusha mimi kitu ambacho hakikuwepo."

Binti alifumba macho. Inspekta alingoja alie kwa furaha, au amtukane, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Halikuja hata moja.

"Kunifundisha kuweka jina kwenye ile ya jumla, alinifundisha yeye," Kimya alisema. "Alisema weka huko, mama, ili usije ukasahau siku moja." Kisha akaongeza: "Taulo nililichukua mimi."

"Kufua taulo si kosa."

"Lingekuwepo, angeizungushia kengele."

"Kimya. Nisikilize. Kufua taulo si kosa."

"Limekauka tangu Ijumaa. Lipo kwenye kamba, nyumbani." Alifuta pua kwa kiganja. "Ameleta chakula?"

"Ameleta."

"Nani atampelekea yeye?"

Inspekta alisema ataona la kufanya. Alisimama ili amfungulie mlango, na binti hakusimama.

"Yule mama alinisamehe mimi," Kimya alisema. "Aliniinua kwa mikono yake. Sikuwa na haki ya kuupokea ule msamaha, na sasa hana mwingine wa kumpa mtu. Alisema amechoka, si ulimsikia? Nani alimwambia kuwa ni mimi?"

"Mimi."

"Basi mwambie wewe."

Inspekta alirudi ofisini. Alichukua maelezo ya Jumanne, akafungua ukurasa wa tatu, akapiga mstari mmoja mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Chini, mahali palipoandikwa *yamechukuliwa na*, jina lake lilikuwepo, kwa mwandiko wake. Kando yake aliandika tarehe ya leo na sababu, akazima feni ili asikie vizuri, akavuta simu ya mezani.

Iliita mara nyingi. Koplo alikuwa amesimama mlangoni na ule mhuri wa kaunta mkononi, ameufunga utepe mweupe wa gundi juu ya jina lake, akitaka kuuliza kitu. Alipoona uso wa mkubwa wake aliurudisha mfukoni.

"Nani?" sauti ya mwanamke ilisema upande wa pili. "Kama ni polisi, mimi nilishasamehe. Niacheni nimzike mwanangu moyoni."

"Mama," Inspekta alisema, "mimi ndiye niliyekwambia kuwa ni yule binti. Nilikosea. Usikate simu, nakuomba. Kuna mtu hapa hajasamehewa bado, na wa pili ni mimi."